Shangazi, nimeshalipa milioni ya duka la mtandaoni na sijui hata mzigo utafikaje Dar

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi Tanga mjini, lakini kwetu ni Amani, wilaya ya Muheza. Wazazi wangu wana shamba la iliki na mdalasini, na majirani zao wana pilipili manga na karafuu. Nimekua nikianika iliki kwenye majamvi, kwa hiyo viungo navijua tangu utoto. Mwaka wa tatu huu nachukua kwa wazee kule juu, nafungasha nyumbani na kuuza soko la Mgandini.

Siku hizi watu wananiagiza kwa WhatsApp. Mwezi uliopita nilipata oda 14, nyingi za Dar. Mwenzangu wa kwenye kikoba akaniletea kijana mtaalamu wa kompyuta. Akasema atanitengenezea duka la mtandaoni kamili, yaani tovuti, programu ya kwenye simu, na sehemu ya kulipia kwa kadi na kwa simu, kwa shilingi 3,200,000. Desemba tulivunja kikoba, mgao wangu ukawa 4,000,000. Nikampa 1,000,000 ya kuanzia. Iliyobaki, 2,200,000, anaitaka kabla ya uzinduzi, na ameshapanga tuzindue siku ya kwanza ya Ramadhani kwa kuwa watu wanapika sana. Bango lenye tarehe ameshalitengeneza. Zimebaki wiki tano.

Shangazi, nikiifungua tovuti yenyewe moyo unanienda mbio. Picha alizoweka si za viungo vyangu. Ameorodhesha bidhaa 42, mpaka zafarani imo, na mimi zafarani sijawahi kuuza hata siku moja. Nikimuuliza mteja wa Mwanza atapataje mzigo, ananijibu, "Mama, hiyo sasa ni kazi yako."

Na kwenye kusafirisha ndiko ninakoumia. Mteja wa Dodoma nilimtumia mzigo kwa basi. Akaenda stendi mara mbili akaambiwa haupo. Ulikuwa umepitilizwa. Siku ya nne ukapatikana, mifuko miwili imepasuka na unga wa pilau umemwagika kwenye boksi zima. Nilimrudishia pesa yake yote. Mwingine wa Dar aliniambia atalipa mzigo ukimfikia. Bodaboda alipofika getini simu haikupokelewa, nikalipa mimi kwenda na kurudi. Mdogo wangu wa kike anayeishi Mbezi ndiye aliyenisaidia kuutunza ule mzigo.

Kubwa zaidi ni hili. Baba watoto hajui kuwa nimetoa hiyo milioni. Anajua pesa ya kikoba iko salama, na tulikubaliana 700,000 itoke humo ya mabati ya chumba cha uani kabla ya masika. Kila akigusia mabati nageuza mazungumzo. Si mtu mkali, ndiyo maana naona aibu zaidi.

Hesabu zangu nakuandikia usije ukanijibu gizani. Iliki nachukua kilo moja kwa 40,000, mdalasini 12,000, pilipili manga 16,000, karafuu 24,000. Mchanganyiko wa pilau ninaosaga mwenyewe unanigharimu 16,000 kwa kilo. Pakiti ya iliki gramu 50 nauza 4,000. Mfuko na lebo vinanitoka 500. Basi kwenda Dar wanatoza 5,000 kwa boksi dogo, boksi kubwa 10,000.

Nimalizie pesa tuzindue, au niache milioni ipotee?

Binti wa Amani, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako jana usiku, nikaisoma tena alfajiri na karatasi ya hesabu pembeni. Nikujibu lile uliloulizia kwanza: usimpe kijana hata shilingi moja katika hizo 2,200,000, na usizindue siku ya kwanza ya Ramadhani. Milioni uliyotoa bado inaweza kukuletea kitu, ila kuna jambo la kuulizia mapema, nitalifikia.

Kwanza tuitazame ile pakiti ya iliki. Gramu 50 kwa kilo ya 40,000 ni shilingi 2,000. Weka mfuko na lebo, 2,500. Unauza 4,000, unabaki na 1,500. Mgandini hiyo ni biashara nzuri, kwa sababu mteja amekuja kwa miguu yake. Mteja wa Tabata je? Basi 5,000, kisha bodaboda wa kumpelekea mlangoni. Mzigo wa 4,000 unasafiri kwa zaidi ya bei yake. Ukimtoza yeye nauli, haagizi. Ukiibeba wewe, kila oda inakula mtaji wako. Tovuti haiwezi kulirekebisha hilo hata ikiwa nzuri namna gani. Ikikuletea oda 50 za pakiti mojamoja, imekuletea hasara mara 50.

Unachohitaji ni kitu kinachostahili safari. Nimejaribu kukupangia sanduku moja la jikoni: iliki gramu 50 kwa 2,000, mdalasini gramu 100 kwa 1,200, pilipili manga gramu 100 kwa 1,600, karafuu gramu 50 kwa 1,200, na mchanganyiko wako wa pilau gramu 200 kwa 3,200. Jumla 9,200. Mifuko mitano na lebo zake 2,500. Boksi la kaki imara tuseme 1,500. Sanduku zima limekugharimu 13,200. Liuze 22,000. Familia ya Dar inayopika pilau kila Ijumaa itakaa nalo wiki kadhaa, na bei hiyo haitaishangaza.

Sasa safari. Una mdogo wako Mbezi, na kituo kikuu cha mabasi ya mikoani cha Magufuli kiko huko huko Mbezi. Sijui kama umeliona hilo kuwa ni utajiri. Usitume masanduku mojamoja. Kusanya oda za wiki nzima, funga katoni moja kubwa ya masanduku 20, ulipe basi 10,000 mara moja. Kila sanduku limesafiri kwa 500. Mdogo wako anaipokea kituoni, na kutoka kwake kila mteja anatumiwa bodaboda kwa nauli anayolipa mteja mwenyewe, iliyotajwa wazi kabla hajaagiza. Toa na kama 300 ya makato ya miamala. Unabaki na 8,000 kwa sanduku. Humo ndimo itoke zawadi ya mdogo wako, bando lako, nauli ya Amani na jasho lako, kwa hiyo usiiite faida bado.

Chukua sasa zile 3,200,000 uzigawe kwa 8,000. Ni masanduku 400. Masanduku 400 yafike salama, yalipwe yote, asirudishe mtu hata mmoja, na wewe usile hata senti, ndipo tovuti iwe imejilipa. Mwezi uliopita ulikuwa na oda 14.

Sikuandikii hivi kukuvunja moyo. Oda 14 bila tangazo lolote ni habari njema sana. Kuna wanaolipia matangazo miezi mitatu na hawazipati. Maana yake iliki yako watu wameionja na wakaisemea. Kinachokosekana ni njia ya kuifikisha, nayo inajengwa kwa daftari, gundi ya karatasi na mtu mwaminifu Mbezi. Wakubwa nao walijikwaa. Jumia, lile duka kubwa la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na Aprili mwaka huo huo ilikuwa imeorodheshwa kwenye soko la hisa la New York. Tovuti nzuri walikuwa nayo, programu ya simu walikuwa nayo, mtaji walikuwa nao. Na wakati wanaondoka, dada zetu wa Kariakoo waliokuwa wakiuza madera kwa Instagram na bodaboda wawili waliendelea kuuza.

Nami yalinikuta. Nilikuwa nauza batiki, na mwaka 2016 nilimlipa mtu anitengenezee tovuti. Ilipendeza. Jina la tovuti aliliandikisha kwa jina lake, kwa barua pepe yake, nami sikuuliza kwa kuwa sikujua kama ni kitu cha kuuliza. Mwaka wa pili akahamia mkoa mwingine, malipo ya mwaka ya lile jina hayakulipwa, na tovuti ikazimika. Kadi zangu 500 zilizochapishwa zilikuwa na anwani ile. Wateja walioitafuta walikuta ukurasa mtupu wakadhani nimefunga. Kuna mmoja nilikutana naye msibani miaka miwili baadaye, akaniambia, "Mama, tulikutafuta sana kwa ajili ya sare za harusi." Maneno yale yaliniuma kuliko hela niliyopoteza.

Kwa hiyo kabla ya lolote, mpigie kijana umuulize jina la tovuti limeandikishwa kwa jina la nani. Majina yanayoishia na .tz yanasimamiwa hapa hapa nchini na kuuzwa na mawakala walioidhinishwa, na mmiliki ni yule aliyeandikwa kwenye usajili, hata kama pesa ilitoka mfukoni mwako. Kama ni jina lake, mwombe alihamishie kwako, kwa barua pepe na namba yako ya simu. Akupe pia nenosiri la mahali tovuti inapohifadhiwa na la ndani ya tovuti yenyewe. Yaandike kwenye daftari, si kwenye simu peke yake. Akikubali bila maneno mengi, ni kijana wa kufanya naye kazi. Akianza kuzunguka, umejua mapema.

Simwiti tapeli. Kijana amefanya kile alichofundishwa, na mtu aliyefundishwa kujenga nyumba ukimwita atakujengea nyumba, hata kama ulihitaji banda. Kaa naye, umweleze kwa upole kuwa mahitaji yamebadilika. Programu ya simu iondoke kabisa. Hakuna mtu atakayejaza nafasi ya simu yake kwa ajili ya kununua iliki mara moja kwa mwezi. Bidhaa 42 ziondoke, zafarani iwe ya kwanza. Mtu akiagiza zafarani ukamwambia haipo, hatakuuliza tena hata iliki. Abakize ukurasa mmoja: wewe ni nani, viungo vyako vinatoka wapi, sanduku lina nini, bei yake, nauli ya kila eneo, na kitufe kinachomfungulia mteja WhatsApp yako. Kazi hiyo naamini milioni uliyotoa inaitosha, tena inapita. Kama ataona anadai zaidi, mkubaliane kwa maandishi, mumalizane kidogo kidogo kutoka kwenye mauzo, kila kipande kikilipwa baada ya wewe kukiona kinafanya kazi.

Wakati huo duka lako ni WhatsApp Business, ambayo ni ya bure. Ina katalogi unakoweka picha na bei, ina majibu ya haraka unayoyaandika mara moja, ina lebo za kutenganisha aliyelipa na asiyelipa. Kwa masanduku 60 ya mwanzo hauhitaji zaidi ya hapo. Namba hiyo iwe ya biashara peke yake, laini yake pekee, watoto wasiichezee.

Picha piga mwenyewe. Asubuhi, karibu na dirisha, juu ya jamvi lile lile la kwenu. Weka kiganja chako chenye iliki, mtu aone ukubwa wa punje. Iliki inayokaushwa kivulini inabaki na ukijani wake, iliyoachwa juani inapauka, na mama wa Dar anayejua kupika anaitambua tofauti hiyo kwa macho. Picha za kuokota mtandaoni zinakuonyesha unauza kile kile wanachouza wote. Wewe una shamba. Ukienda Amani wiki ijayo mpige picha baba yako mikono tu, akichuma, kama hapendi sura yake ionekane. Andika na mwezi wa mavuno. Karafuu ziite za Muheza, ndivyo zilivyo. Kuna wanaoshawishika kuandika Pemba ili zionekane bora, na hilo ni uongo wenye hatari ndani yake, maana karafuu za Zanzibar kwa sheria zinanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na anayetangaza kuzivusha kienyeji anajitafutia kesi ya magendo.

Ule unga uliomwagika Dodoma umenifundisha kitu kuhusu ufungaji wako. Kugandamiza mfuko mwembamba kwa mshumaa kunafaa sokoni, si kwenye buti ya basi chini ya magunia ya watu. Chukua mifuko minene yenye zipu, inayosimama. Unga uingie kwenye mifuko miwili. Ndani ya boksi pasibaki nafasi ya vitu kucheza, jaza kwa karatasi zilizokunjwa. Jina na simu ya mpokeaji ziandikwe pande mbili za boksi kwa kalamu nene, na namba yako upande wa tatu. Na Tanga kwa unyevu wake, usisage mchanganyiko wa mwezi mzima. Saga wa wiki ile inayosafiri. Viungo vizima vinavumilia, unga unapoteza harufu haraka, na harufu ndiyo anayoinunua mtu.

Basi likiondoka, piga picha risiti, andika namba ya gari, omba namba ya kondakta, mtumie mdogo wako vyote vitatu kabla gari halijatoka stendi. Mzigo wa Dodoma haukupotea kwa bahati mbaya. Ulipitilizwa kwa sababu hakuna aliyekuwa akiungoja kwa jina la kondakta. Na kwa miezi mitatu ya kwanza usiuze Dodoma wala Mwanza. Andika wazi kwamba unahudumia Tanga na Dar tu. Utaona ni kama unafukuza wateja, lakini mtu wa Mwanza anayejibiwa "bado hatujafika huko, nikuandike jina tukianza?" atakuamini kuliko yule aliyetumiwa mzigo ukapotelea njiani.

Suala la kulipa mzigo ukifika limewatesa wengi, tena pande zote mbili. Wateja wana sababu ya kuogopa. Ni nani asiyejua mtu aliyetuma hela kwa picha ya kiatu asikione kiatu? Ukimlazimisha mteja mgeni alipe yote kabla, unamwomba imani ambayo hujaijenga. Ukimwachia yote mpaka mwisho, ndiyo yale ya getini. Nilichokuja kukifanya kwenye batiki ni hiki: nauli ya bodaboda itangulie, bei ya mzigo ilipwe ukifika. Mtu aliyekwisha kutoa 4,000 ya nauli anapokea simu. Asiye na nia anaishia hapo hapo, na haujapoteza kitu. Mteja akiagiza mara ya pili, mwenyewe atakuwa tayari kulipa yote mapema.

Fungua lipa namba kwa jina la biashara, mteja aone jina hilo hilo kwenye simu yake anapolipa. Na usiamini meseji ya malipo peke yake, wala picha ya meseji. Zinatengenezwa za uongo, na nyingine zinafanana na za kweli kila herufi. Angalia salio lako, ndipo umwambie mdogo wako aachie mzigo. Mwambie na yeye hivyo hivyo, mara tatu, mpaka akereke.

Kuna mtindo wa wauzaji kuposti picha za mazungumzo na malipo ya wateja kama ushahidi kwamba watu wananunua. Usifanye. Majina, namba na mitaa ya watu inaonekana pale. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, mtu aliyekupa anwani ya nyumbani kwake hakukupa uitangaze. Mteja akikusifu, mwombe ruhusa, ufute jina na namba.

Kwenye makaratasi sitakaa sana, ila mpangilio una maana. Anza na TIN, namba ya mlipakodi, kama bado huna. TRA wanaitoa bure, namba yako ya NIDA iwe mkononi. Kuuza kwa simu hakumtoi mtu kwenye kodi, na daftari lako la mauzo ndilo litakalokulinda usikadiriwe kwa kubahatisha. Kisha sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, halafu leseni ya halmashauri. Lebo usichape nyingi mpaka jina lipite BRELA. Nimeona mtu akichapa 1,000 na jina likakutwa ni la mwingine. Viungo ni chakula, na tangu 2019 usajili wa chakula uko TBS, shirika la viwango, kwa hiyo utafika huko pia. Usiende mikono mitupu. Pitia kwanza SIDO Tanga, shirika la viwanda vidogo, uombe barua ya utambulisho na uulize nafuu za gharama zilizopo kwa wajasiriamali wadogo. Watakueleza pia chumba cha kufungashia kinatakiwa kiweje, maana jiko la nyumbani lenye kuku wanaopita halitakubalika. Hili lina muda wake, na ni sababu nyingine ya kutokimbilia tarehe ya bango.

Ramadhani yenyewe usiiache ipite bure. Waandikie wale 14, kila mmoja kwa jina lake, si ujumbe wa kutuma kwa wote. Waambie kuna sanduku jipya na lina nini ndani, na umwombe kila mmoja akuunganishe na jirani mmoja tu. Lenga masanduku 60 kati ya sasa na Idi, kwa safari za katoni tatu. Katoni ya mwisho itoke Tanga siku kumi kabla ya Idi. Karibu na sikukuu mabasi yanajaa watu na mizigo, na boksi lako ndilo litakaloachwa. Kwenye daftari piga mistari mitano: siku aliyoagiza, siku aliyolipa, siku ulipotuma, siku mzigo ulipomfikia, alichosema. Usiache mstari wa mwisho mtupu. Mpigie. Masanduku 60 yakiisha, tazama wangapi wameagiza tena bila kukumbushwa. Wakiwa 15 au 20, mwite kijana muifungue tovuti, hata kama ni Jumanne ya kawaida isiyo na sherehe. Wakiwa watatu, kuna kitu kwenye sanduku au kwenye safari kinachotakiwa kurekebishwa kwanza, na majibu yao yatakuonyesha ni kipi.

Sasa pesa, na baba watoto. Umebakiwa na 3,000,000. Kesho toa 700,000 za mabati, yanunuliwe na yaletwe nyumbani. Toa 800,000 iwe mtaji wa masanduku hayo 60, zitatosha na senti chache zitabaki. Iliyosalia, 1,500,000, isiguswe mpaka daftari lijae.

Na leo hii umwambie mumeo. Usingoje mabati yafike ili yakulainishie maneno. Mwambie kabla. Mwenzako wa kikoba aliyekuletea kijana anajua, kijana anajua, bango lina tarehe. Habari itamfikia, na akiisikia kibarazani kwa mtu mwingine, kitakachomuuma si milioni. Umesema si mkali na ndiyo maana unaona aibu. Mimi nasoma hapo kwamba unamheshimu, na mtu unayemheshimu anastahili kuambiwa na wewe. Usimpelekee maneno matupu, mpelekee hesabu. Kaa naye na karatasi, mwonyeshe 13,200 na 22,000, mwonyeshe masanduku 400, mwonyeshe ulipokosea na unapoelekea. Muulize anaionaje ile nauli ya basi. Huenda anamjua kondakta ambaye wewe humjui.

Ukishazungumza naye, niandikie. Niandikie pia kijana amekujibu nini kuhusu jina la tovuti. Kama ni lake na anakataa kulihamisha, usimtukane wala usimtishe. Nitumie majibu yake kama alivyoyaandika, tuone hatua ya pili pamoja.

Shangazi